Mtama wa Shevanta na Majani-Karoti

Shevanta aliyasikia maneno yale akiwa mwisho wa foleni ya mashine ya kusaga, kikapu cha mtama kichwani. Nivrutti, mdogo wa mumewe, hakumwona.

"Mbegu nzuri, ng'ombe wa kulimia wangu, na jembe nilishika mwenyewe," alikuwa akiwaambia watu. "Na mtama umekufa. Kimebaki nini cha kulaumu? Mkono wake uliopanda tu. Shemeji yangu ana nuksi."

Shevanta alikitua kikapu chini.

Mumewe alikuwa amekwenda kukata miwa huko magharibi, akamwachia mdogo wake kazi ya kulima. Shamba lilijaa majani-karoti, yale ya vijiua vyeupe yawashayo ngozi. Shevanta aliomba yang'olewe kwanza. Alianza mwenyewe kona moja, mikono kaifunga matambara, akayabeba hadi nje ya shamba. Nivrutti akamcheka. "Yang'olewe ya nini? Nikiyafukia yataoza, mbolea ya bure hiyo!" Akayalimia chini yangali mabichi. Shevanta akapanda, mtama ukaota njano. Shevanta alipoing'oa miche, mizizi ilikuwa vijinyuzi, ncha zimeungua. Kona yake tu ndiyo iliyosimama kijani.

"Nuksi, eh?" alipaza sauti. "Mbona kona niliyong'oa kwa mkono huohuo imestawi?"

Nivrutti aligeuka, akacheka. "Kona ile iko kisimani, shemeji. Hapo hata jiwe lingeota."

Watu wakaangua kicheko. Shevanta alirudi nyumbani, akayaroweka majani-karoti ndooni. Kesho yake alimpelekea Girija, mwenye mashine, maji yale pamoja na mabakuli mawili yaliyojaa udongo na konzi ya mbegu za mtama kutoka gunia lilelile.

"Panda wewe. Hili mwagilia maji ya kisima, hili maji haya. Mimi sigusi, wasije wakasema ni mkono wangu."

Girija aliyaweka mlangoni, kila mtu ayaone. Bakuli la maji ya kisima likachipua likajaa. La pili lilitoa miche ya kuhesabika, imejikunja kama mtoto mwenye tumbo la kuuma.

Nivrutti aliyatazama, akakuna kichwa. "Basi, shemeji. Nani angejua?"

"Majani hukuyajua. Nuksi yangu uliijua vipi?"

Siku zilizofuata Nivrutti alikwenda kuyang'oa majani yaliyosalia mpakani kabla hayajatoa maua, akijikuna hadi shingoni. Lakini mtama ulikuwa umeshapotea. Shevanta alipanda dengu kwa kuchelewa, akavuna haba; ng'ombe wakakosa mabua, na yeye akala mkate wa mtama wa kuomba kwa kaka zake.

Mumewe aliporudi, kiangazi kimeshaingia, alimbembeleza. "Ni ndugu yangu. Msamehe."

"Alinitukana mbele za watu. Na aniombe radhi mbele za watu."

Nivrutti hajafanya hivyo hadi leo. Akipita, husimama nje na kumwita kaka yake. Shevanta humsikia, wala hamkaribishi avuke kizingiti.