Sensa ya Mwingereza ilivyonihesabu mara mbili

Wakuu, habari za jukwaani.

Kwa umri wangu wengi humu mnatakiwa kunishikamoo, kwa hiyo marahaba nimeshaitikia kwa jumla, tuendelee. Nachapa kwa kidole kimoja, mvumilieni bibi yenu. Sitii chumvi, nilikuwepo na mimi ndiye niliyegombaniwa.

Nimeona vijana mnabishana kama data za sensa ni za kuaminika. Mimi nawaambia hesabu ya Tanganyika ya enzi za Mwingereza ina mtu mmoja wa ziada.

Huyo mtu ni mimi.

Iko hivi.

Kwetu Old Moshi mtoto wa kwanza alikuwa analelewa na bibi mzaa baba. Ukiacha kunyonya tu, unapelekwa kwa bibi. Nyumba ya wazazi wangu ilikuwa chini kidogo, kihamba kile kile, yaani shamba la ukoo, migomba tu katikati. Lakini wadogo zangu walikuwa wananiita "mtoto wa Bibi", na iliniuma sana. Niliamini kabisa kwamba Mama alinigawa.

Miaka ya hamsini ikaja sensa. Upande wetu alipewa mwalimu wangu wa shule, kijana mpole, suruali imenyooka kwa pasi. Sheria ilikuwa moja: kila mtu aandikwe pale alipolala usiku wa kuamkia siku ile.

Rahisi kabisa, kwa mtu ambaye hajakutana na wanawake wa kwetu.

Akaanza kwa Bibi.

"Shikamoo Bibi. Usiku wa jana walilala nani humu?"

"Marahaba. Nimelala mimi, Anaeli, na ng'ombe wawili. Mmoja ana mimba, sijui huyo utamwandikaje."

(Msicheke. Zamani ng'ombe tulikuwa tunalala nao ndani.)

Mwalimu akamweleza kwa adabu kwamba leo ni zamu ya watu. Akatuandika mimi na Bibi, kisha Bibi akaniambia nimsindikize Mwalimu hadi kwa Mama.

Tukamkuta Mama anamenya ndizi za mtori. Baba amekaa karibu na mlango.

"Habari za kazi, Mama Anaeli," Mwalimu akasalimia. "Nitajie watoto waliolala hapa."

"Wa kwanza Anaeli."

Mwalimu akanitazama. Nimesimama pembeni yake.

"Huyu alilala kwa Bibi, nimeshamwandika kule. Anza na anayefuata."

Mama akaweka kisu chini.

"Mwalimu, umeingia hapa ukaniita Mama nani?"

Mwalimu akatazama karatasi zake.

"Mtoto wa kwanza anarukwa akiwa amekufa. Wangu huyo hapo amesimama. Ukimruka yeye, hao wengine siwataji, serikali yako iandike hapa wanakaa mbuzi."

Maskini Mwalimu akajitahidi. Akaeleza kwamba serikali inapanga shule na hospitali kwa hesabu hiyo, na mtu mmoja akiandikwa mara mbili hesabu inaharibika. Mama alimsikiliza vizuri tu mpaka mwisho.

Halafu akasema, "Wa kwanza Anaeli."

Wote tukamgeukia Baba. Baba akasema majani ya ng'ombe yamekwisha, akatoka. Mpaka leo sijaona mwanamume anayependa kukata majani namna ile.

Nyumba nyingi zilikuwa bado zinamsubiri Mwalimu, na mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani. Akaandika. Nilikuwa najua kusoma, nikaona kwa macho yangu: Anaeli juu kabisa, wadogo zangu wote chini yangu.

Kurudi kwa Bibi sikutembea, nilikimbia. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Kuanzia siku ile waniite mtoto wa Bibi, waniite wa nani, hainiumi tena.

Bibi aliposikia, akanuna. "Kwa hiyo mimi nimebaki na ng'ombe tu?" Ikabidi nimhakikishie kwamba na kwake nipo.

Sasa sensa hii ya karibuni, binti karani kaja nyumbani na kishikwambi. Kauliza waliolala. Nikamwambia, "Wa kwanza Godlisten."

"Yuko wapi, bibi?"

"Mwanangu huyo yuko Dar es Salaam."

"Basi atahesabiwa huko huko."

"Sawa. Lakini wa kwanza Godlisten."

"Bibi, kishikwambi kinakataa."

Nikamwambia kikatae, mimi nimeshamtaja.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba serikali inauliza ulilala wapi, na ina haki, bila hivyo hakuna mipango. Mama anauliza kingine kabisa. Mimi nilikuwa na bahati ya kuandikwa kwa majibu yote mawili.

Haya, mliolelewa na bibi zenu semeni, nyumbani kwenu mlikuwa mnatajwa wa ngapi? Na kama humu kuna mtu wa takwimu, naomba ile hesabu ya Tanganyika usiisahihishe. Niache hivyo hivyo, wawili.