Shati Lililoishinda Dawa Yangu

Ninyi mnaopenda kunicheka, leo nawapa sababu.

Mwilini kuna kimeng'enya chenye chuma, kazi yake ni kuvunja sumu ambayo mwili wenyewe huizalisha. Mimi, mwanafunzi wa kemia hapa Likasi, nilitengeneza kiigizo chake chenye manganizi, nikitumaini siku moja kitakuwa dawa. Nyumbani nilikuwa nimeshaanza kuitika nikiitwa Docteur.

Siku ya kuitetea kazi yangu nilipanda pikipiki, tukawa nyuma ya lori la madini kutoka Kakanda njia nzima. Vumbi jeusi likanijaa mikono na kola. Sikujipangusa, huku kwetu nani anajipangusa?

Mbele ya maprofesa, na mama yangu katika kitenge kipya, nikamimina ile sumu, ambayo ikivunjika hutoa povu, katika chupa mbili, moja ikiwa na dawa yangu.

"Hii haina dawa," nikatangaza kwa madaha, "itatulia kama maji."

Nikaiziba kwa kidole gumba, nikaitikisa. Ikafoka povu hadi mezani! Ile yenye dawa yangu ikatoa viputo vichache, kwa uvivu.

Mama, asiyejua ipi ni ipi, akapiga vigelegele.

Profesa mkuu akainuka, akamimina sumu katika chupa ya tatu, akanikung'uta kola juu yake. Ikafoka kuliko zote.

"Docteur," akasema, "hii vumbi ya kobalti inavunja sumu bure. Shati yako iko na nguvu kupita dawa yako."

Kisha nikasikia sauti ya mama, imejaa fahari:

"Ile shati, ni miye nilimuchagulia!"