Alhamisi, Kwa Igoki

Mara tatu katekista ameniambia niandike habari ya Igoki, na mara tatu nimemwambia aandike mwenyewe, yeye aliyesoma. Mimi niliacha shule darasa la tatu nikaenda kuchunga mbuzi. Mkono huu umezoea jembe, kalamu unaishika kama mkia wa nyoka. Lakini huyo mtu hachoki kuuliza, ni kama kuku anayedonoa mlango. Haya, nimekaa. Mkiona neno limepinda mlinyooshe wenyewe, mimi nina maharagwe ya kupura.

Igoki ni mjane wa huku chini, tambarare za Embu, ukishuka kupita Siakago mpaka pale mbuzi wanakuwa wengi kuliko watu. Ana miaka sitini na tisa, anaishi peke yake, na katika maisha yake hajaenda kwa jirani kuomba chumvi. Ikiisha anakula bila chumvi. Kasoro yake ni mdomo. Anajua, na mpaka mwaka huu hakuwa ametubu.

Taabu ililetwa na ng'ombe za Gachoki. Gachoki ni jirani, ua wa miiba tu ndio uko katikati yao, na ng'ombe zake mbili zilikuwa zimezoea kuuvunja na kuingia kwa Igoki kama kwao. Mwezi wa pili, mbele ya watu waliopanga mitungi wakingoja maji, Igoki akamwambia, "Gachoki, siku moja hizo ng'ombe zako zitakula kwangu na hazitalala kwako." Watu wakacheka. Gachoki naye akacheka.

Igoki akavuna mtama wake, akaacha visiki shambani. Mvua ikanyesha siku mbili, kisha ikakatika kama imeitwa kwingine. Jua likachoma kila kitu isipokuwa vile visiki vya mtama, ambavyo vilichipuka majani mabichi, laini, mazuri kuangalia. Jumamosi moja asubuhi ng'ombe za Gachoki zikavunja ua, zikala yale majani. Hazikufika kwao. Ya kwanza ilianguka hapo uani miguu ikipiga hewa, mate yakitoka kama povu la sabuni. Ya pili ilijikokota hatua kumi, ikaifuata.

Gachoki hakulia. Alisimama katikati ya hizo ng'ombe mbili, akamwangalia Igoki aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, akasema polepole, "Ulisema hazitalala kwangu."

Ni hayo tu. Lakini kila mtu alikuwa amesikia lile neno la kwenye maji, na kufika jioni lilikuwa limezunguka kijiji chote. Waliocheka mwezi wa pili sasa walikuwa wanaapa kwamba hawakucheka. Neno mchawi lilitajwa. Mimi sikulitaja, lakini pia sikulikataa, na hilo nitalijibu mbinguni.

Jumapili kanisani Igoki alikaa mahali pake pa siku zote, benchi ya tatu upande wa wanawake. Benchi hiyo inatosha watu sita. Siku hiyo ilitosha mmoja. Baada ya misa katibu wa jumuiya akasoma orodha ya wiki. Mnajua jumuiya zetu, kila Alhamisi saa tisa tunasali rozari katika nyumba ya mmoja wetu, kwa zamu, na hakuna nyumba inayorukwa. Tumesali kwa mlevi. Tumesali kwa yule aliyeiba mahindi ya padri. Katibu akasoma, kisha sauti ikampungukia: "Alhamisi, kwa Igoki."

Igoki alielewa vizuri kuliko sisi. Nyumba ambayo jumuiya imekuja, hakuna mtu ataigusa. Nyumba ambayo jumuiya imeruka, hiyo imeachwa wazi.

Jumatatu watu walirusha mawe juu ya mabati yake, mchana kweupe. Jumanne hakukuwa na kitu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jumatano asubuhi alipotoka kufungulia kuku alikuta kiberiti kimewekwa juu ya jiwe la langoni. Kipya, hakijafunguliwa. Hakuna aliyeandika barua, na hakukuwa na haja ya barua.

Binti yake Veronicah, aliyeolewa Embu mjini, mtaa wa Majimbo, akapiga simu. "Mami, funga nguo zako upande gari leo. Chumba kiko."

"Na mbuzi?"

"Mami, wacha mbuzi. Watakuchoma."

"Nikija huko leo, nitakuwa nimekuja na hilo jina. Litalala na watoto wako."

"Kwa hivyo unangoja nini?"

"Nangoja Alhamisi."

Veronicah akalia kwenye simu. Igoki akamwambia akilia salio litaisha, akakata. Halafu akakaa chini, akaomba. Ameniambia mwenyewe alivyoomba siku hiyo. Alisema, "Mungu, sikuombi unifiche. Nakuomba uje na watu. Ukija peke yako, hawa hawatakuona."

Alhamisi akaamka akafagia uwanja mara mbili. Akatandika kitambaa cheupe kwenye meza, akaweka msalaba na mshumaa. Kisha akafanya jambo ambalo ni yeye tu angelifanya. Mtu mwingine angepika chai ya majani ya dukani, ili asishukiwe. Igoki alichukua mtama wa shamba lile lile, akausaga, akapika uji sufuria nzima. Na moto aliuwasha kwa kile kiberiti cha langoni. Alisema kilikuwa kizuri, njiti moja tu ilitosha.

Benchi hakuwa nayo. Katika jumuiya yetu benchi ndefu ni ya Wambeti, ndiye huikopesha kila nyumba, na Wambeti ni mke wa Gachoki. Pia ndiye mwimbishaji wetu. Igoki akatandika mikeka na hakutuma mtu.

Saa tisa ikafika. Hakuna mtu. Ng'ambo ya ua, kwa Gachoki, wanaume wanne walikuwa wamekalia pikipiki, wanaangalia. Kando ya pikipiki moja kulikuwa na mtungi wa mafuta. Gachoki alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kifuani.

Saa tisa na robo Peninah, mwenyekiti wa jumuiya, akaingia peke yake, haraka, kama mtu aliyenyeshewa. Hakukaa. "Mama Veronicah, jumuiya imeona afadhali leo tusalie kanisani. Kwa usalama. Wewe chukua leso yako twende."

"Jumuiya iliona, ama ni wewe uliona?"

"Usinianze. Nimepita mbele ya hao watu nikitetemeka."

"Kwa mlevi mlisalia kwake. Mimi ndiyo mmenijengea kanisa?"

"Igoki, huo mdomo ndio umetufikisha hapa."

Igoki akawasha mshumaa, akapiga magoti mbele ya mlango ulio wazi, akatoa rozari. Peninah akabaki kati ya mlango na meza, mkoba kifuani, hajui ni wa ndani au wa nje.

Rozari haisaliwi na mtu mmoja ikasikika kamili. Mmoja anaanza, wengine wanaitikia. Igoki akaanza kwa sauti ya kufika ng'ambo: "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..." Akafika mwisho wa sehemu yake, akanyamaza ili aitikiwe. Hakuna aliyeitikia. Ng'ambo mtu mmoja akacheka, na pikipiki moja ikawashwa.

Igoki akaanza tena. Akafika pale pale, akanyamaza.

Ndipo sauti ikatoka njiani, ile sauti ambayo sisi wote tunaijua, maana hutuvuta kila Jumapili: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu."

Wambeti alikuwa anakuja na benchi kichwani.

Mimi niliona kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa nimejibanza kwenye kona ya njia pamoja na wanawake wengine sita, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie. Gachoki alitoka, akamkingia njia.

"Mama Njeru, rudisha hiyo benchi."

"Baba Njeru, hii benchi ni nzito. Kama una maneno, yafupishe."

"Ng'ombe zangu bado zinanuka na wewe unaenda kwake?"

"Zilikuwa zangu pia. Nani alikuwa anazikamua?"

"Ukiingia pale usirudi kwangu."

"Basi nitarudi jioni unieleze vizuri, sasa naitikia." Akapita kando yake, benchi ikimkosa sikio kidogo tu, na akaendelea kuitikia kutoka pale alipoachia. Sisi wa kwenye kona tukamfuata. Nisidanganye, hatukufuata kwa ujasiri. Tulifuata kwa aibu, lakini miguu ni miguu.

Tukasali matendo matano yote. Pikipiki ilizimwa kwenye tendo la pili. Wale wanaume wangefanya nini? Ndani kulikuwa na mama zao wawili na mke wa mwenye ng'ombe.

Kisha uji ukaletwa. Igoki akamimina vikombe kumi vya bati, akavipanga mbele yetu, hakusema karibu wala hakutusihi. Tulijua ni mtama gani. Tukavitazama. Inzi akatua kwenye ukingo wa kikombe changu na mimi nikamwangalia kuona kama atakufa. Mnaona mtu anaweza kutoka kwenye rozari na bado awe mpumbavu.

Wambeti akachukua kikombe. "Umetia sukari?"

"Umenijua lini nikitia sukari?"

"Nilidhani taabu imekulainisha." Akanywa, bila kupumzika, mpaka tukaona tako la kikombe. Akajipangusa. "Ongeza."

Igoki alipomimina cha pili uji ukamwagika kwenye mkeka, na hapo ndipo alilia, bila sauti, akiendelea kumimina. Peninah akanywa. Mimi nikanywa, na yule inzi aliondoka mzima.

Tulikaa mpaka jua likaanza kuinama. Gachoki akaja langoni peke yake, akasimama pale kwenye lile jiwe. "Wambeti, twende."

Igoki ndiye aliyetoka, na kikombe mkononi. Akasimama hatua mbili kutoka kwake. "Gachoki, neno nililosemea ng'ombe zako lilikuwa baya. Hilo ni langu, na ninalijutia. Kuua sikuua." Kwa Igoki, hayo ni maneno mengi kuliko aliyomwambia marehemu mumewe katika miaka thelathini.

Gachoki aliangalia kile kikombe. Hakukichukua. Alimpita, akaingia ndani, akatuangalia sote tuliokaa, akasema, "Inukeni." Tukainuka. Akaishika benchi yake, akaiweka begani, akaenda nayo kwake, na Wambeti akamfuata nyuma akiimba. Wale wa pikipiki walipoona mwenye ng'ombe amebeba benchi ya rozari, wakatawanyika.

Jumatatu iliyofuata ndipo daktari wa mifugo alifika. Akachuma yale majani ya visiki, akatuambia mtama unaochipuka ukapigwa na ukame huwa na sumu, unaua ng'ombe kabla hajafika kwa maji, na kwamba wazee wetu walijua hivyo ila sisi tulisahau. Gachoki alisikiliza akiangalia chini. Uji wa Igoki bado hajaunywa. Lakini ule ua wa miiba ameurekebisha, upande wake na upande wa Igoki.

Igoki ananiambia Mungu alimjibu Alhamisi, si Jumatatu. Jumatatu, anasema, hata mpumbavu angekunywa.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, usikunje karatasi ukaenda kulala. Huko kwenu kuna nyumba ambayo watu wameanza kuipita kwa mbali. Unaijua, hata jina limekujia sasa hivi. Usingoje daktari. Alhamisi hii beba kiti chako mwenyewe, uende ukae pale, unywe utakachopewa. Halafu njoo uniambie ulikunywa vikombe vingapi. Kimoja sitakikubali.