Uso Ambao Sadalla Hakuuona

Wanaomwita Sadalla mwoga nawajua mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda kitu kirefu kuliko kitanda chake. Mimi nimeuza papa mkavu pamoja naye Kariakoo, meza kwa meza, miaka tisa. Nitasema nijuavyo.

Mwaka 1954 shemeji yake, Mgeni, mchukuzi wa pale pale sokoni, alipata kazi ya kumbebea mizigo mpimaji mmoja wa ardhi huko Uluguru. Walisimamisha nguzo kwenye kilele cha mlima wa mawe ambao wenyeji wanauita Kigoda. Siku ya mwisho Mgeni alirudishwa juu peke yake kufuata kifaa kilichosahauliwa. Ukungu ukashuka, na hakuonekana tena. Mpimaji akaandika barua ya mistari minne, basi.

Mkewe Mgeni alikuwa Mwanamkuu, dada yake Sadalla, umri wake miaka ishirini na miwili. Alikwenda kwa kadhi kuuliza kama akae eda. Kadhi hakumzungusha: mtu aliyepotea si maiti. Aletwe shahidi aliyemwona amekufa, naye aape. Asipopatikana, mke angoje miaka minne, ndipo akae eda. Miaka minne binti wa watu si mke, si mjane! Mwanamkuu hakulia. Alimtazama kaka yake tu.

"Nitakwenda kumtafuta," akasema Sadalla.

Akapanda treni mpaka Morogoro. Huko alimpata Mluguru mmoja, Tarsis, aliyekubali kumwonyesha njia. Walitembea msituni tangu alfajiri, na jua lilipokuwa utosini miti ikaisha, likabaki jiwe tupu. Aliniambia kwamba ukingo wenyewe ulikuwa na upana wa meza yetu ya papa, na pande zote mbili hakuna kitu, upepo tu. Alivua makubazi akayafunga shingoni, akatambaa kwa mikono na magoti. Mwanzo aliogopa sana. Kisha hofu nayo ikachoka, ikamwacha.

"Ilibaki ganzi, ndugu yangu," aliniambia. "Mwili mzima, na moyo pia."

Alipofika kileleni akaishika ile nguzo. Hakufurahi, hakushukuru. Alisema aliyatazama mawingu chini yake kama mtu anayetazama ukuta.

Upande wa pili, chini kidogo, mwamba ulikuwa umetokeza kama kibaraza. Juu yake palikuwa na koti la kaki lenye kiraka chekundu begani, kiraka alichokishona Mwanamkuu kwa mkono wake. Ndani ya koti mlikuwa na mtu, amelala kifudifudi, kichwa kimeingia chini ya jiwe.

"Mimi pale sishuki," akasema Tarsis. "Nina watoto."

Sadalla akashuka peke yake, tumbo juu ya mwamba, akipapasa kwa vidole vya miguu. Zilipobaki hatua kumi mwamba ukawa mtelezo mtupu, hakuna pa kushika. Akasimama. Mikono ilikataa tu. Akamwita Mgeni kwa jina mara tatu, kisha akapanda kurudi. Wiki ile ile masika yakaanza, ukingo ukaporomoka, na hakuna aliyeweza kwenda tena.

Nyumba nzima ilimshauri. Sema umeuona uso, nani mwingine ana koti lile? Hata mimi nilimwambia hivyo, tena kwa ukali, maana nilimwonea huruma yule binti. Sadalla alikuwa akitusikiliza huku anatazama sakafu.

Mbele ya kadhi tulikwenda watatu.

"Umeuona uso?" kadhi akauliza.

"Sikuuona, Shehe. Nimeona koti lake, na mtu ndani."

"Koti huazimwa. Unaapa kuwa ni yeye?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Sadalla, naona kisogo tu. Nilitaka kumfinya.

"Siapi," akasema. Kadhi akafunga kitabu: bila kiapo Mgeni ahesabiwe hai, mke angoje miaka minne.

Tukarudi nyumbani. Tulipofika mlangoni Mwanamkuu ndipo akauliza, bila kugeuka:

"Kaka, zilibaki hatua ngapi?"

"Kumi."

"Kumi," akasema naye, akaingia ndani.

Sisi tukakaa barazani. Nilingoja kilio, nikamwona Sadalla naye anakingoja, pengine kingemsaidia. Hakikuja. Zilisikika sufuria tu. Baadaye Mwanamkuu akatuletea wali na mchuzi, sinia moja ya watu wawili, akatukaribisha kwa adabu zote. Kisha akarudi ndani, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi tulimwona akipakua sahani nyingine, akaifunika kwa kawa, akaiweka juu ya kabati.

Sadalla akauliza ile ni ya nani.

"Ya Mgeni," akasema Mwanamkuu. "Mume wangu yu hai."