Wifi Aliyetaka Kuambiwa Hapana

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni mkurugenzi wa usalama katika kituo cha umeme wa nyuklia, na nyumbani kwake hata chumvi haiombwi kienyeji. Ukisema, "Nipe chumvi," aliye karibu nayo hujibu, "Chumvi, nakupa," nawe unathibitisha, "Ndiyo, chumvi." Ndipo kikopo kinasogea. Ni desturi ya chumba cha uendeshaji: amri hutolewa, hurudiwa, huthibitishwa, kisha mkono unagusa swichi. Kaka yangu alishazoea. Mimi ni fundi cherehani, sina bosi, na siku ya kwanza nilimwambia wazi kwamba chumvi yake inafika mchuzi umeshapoa.

Lakini msimchukulie kimzaha. Kiti cha mkurugenzi kilipokuwa wazi, baadhi ya wajumbe wa bodi walitaka profesa wa fizikia. Wengine walitaka mwanajeshi mstaafu, eti usalama unahitaji mtu wa amri. Wifi alianzia kwenye bwawa la umeme akisimamia mitambo, akasomea uhandisi, akakaa miaka mingi kwenye kiti cha mwendeshaji wa kinu cha nyuklia, halafu akawa mkaguzi, mmoja wa wale wanaoingia vituo vya watu na kuwaharibia siku.

"Profesa anakijua kinu," aliwaambia. "Mimi nakijua, na ninawajua wanaokaa mbele yake wakipiga miayo."

Wakampa cheo kwa majaribio. Kinu kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo. Kikiwashwa salama, na kwa tarehe iliyopangwa, angethibitishwa.

Akaniletea kitambaa cha buluu nimshonee suti ya hafla ya kuapishwa. "Punguza kiuno, wifi," akasema.

Nikamtazama. Tangu apate kiti cha kuzunguka alikuwa amenawiri, mashallah. Ila amri ni amri. "Kiuno, napunguza."

"Ndiyo, punguza."

Nikapunguza. Siku ya kuijaribu, kifungo kiliruka kikagonga kioo. Kaka yangu akakimbilia jikoni kwenda kucheka.

"Ulijua haitanitosha?" wifi akaniuliza.

"Tangu nilipokupima."

"Mbona hukusema?"

"Ulitoa amri, nikairudia, ukathibitisha. Ulitaka nini tena?"

Nilijua atanichamba. Badala yake aliketi ukingoni mwa kitanda, koti halifungiki, akakiokota kifungo akawa anakigeuzageuza kiganjani.

Kituoni kwao kuna chumba cha mazoezi, pacha wa chumba cha uendeshaji swichi kwa swichi, ila hakijaunganishwa na kinu. Wiki iliyofuata wifi alikwenda huko, akakalia kiti cha mkuu wa zamu. Mbele yake alikuwa mwendeshaji hodari ambaye wenzake humwita Sawasawa, kwa kuwa hajawahi kumjibu mkubwa neno jingine. Katika zoezi lile pampu ya kwanza iliharibika, ikabaki ya pili ikipoza kinu peke yake. Wifi, kwa makusudi kabisa, akaagiza, "Zima pampu ya pili."

"Pampu ya pili, nazima," akarudia Sawasawa.

"Ndiyo, zima."

Akazima. King'ora kikalia, ukuta mzima ukawaka taa nyekundu.

"Nani alijua kwamba nimekosea?" wifi akauliza. Mikono ikapanda mmoja mmoja, wa Sawasawa ukitangulia.

Hapo hapo wifi akaahirisha kuwashwa kwa kinu. Mwenyekiti wa bodi, mwanasheria mwenye sauti ya kujaza ukumbi, akaja juu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Hawa wamesikia na wamerudia neno kwa neno. Unataka nini?"

"Nataka mtu mmoja aniambie hapana."

"Tarehe ikipita, sikuthibitishi."

"Basi ipite, mwenyekiti. Mkuu asiyeambiwa hapana atavunja miguu ya wote."

Alitusimulia hayo mezani akimenya chungwa, mkono umetulia. Mimi ndiye niliyekasirika hadi nikasahau kula. Kiti kile alikuwa akikitamani tangu enzi za bwawani, halafu anakiachia hivihivi!

"Kinaniuma," akaniambia. "Lakini nikiwasha kinu hivi, sitalala."

Tarehe ikapita. Akawafanyisha mazoezi kila siku, akichanganya amri sahihi na za kupotosha. Wachache wakaanza kumkatalia kwa sauti ndogo. Sawasawa alimeza mate, akarudia, akazima.

Siku ya zoezi la mwisho mwenyekiti alikuja mwenyewe, akasimama nyuma amefumbata mikono. Wifi alikuwa ameandaa mtego wake mwishoni. Safari hii iliharibika pampu ya pili, na ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikipoza.

"Zima pampu ya kwanza," akaagiza.

Sawasawa akafungua kinywa kurudia. Akakifunga. "Hapana, mama. Mbovu ni ya pili. Ya kwanza siizimi."

Wifi akatazama ubao wa taa, kisha akageuka. "Mwenyekiti, huo haukuwa mtego. Mtego wangu ulikuwa bado. Hapo nimekosea mwenyewe, nilitaka kusema ya pili, na huyu ameniokoa. Sasa niko tayari kutia saini kinu kiwashwe."

Mwanasheria aliyezoea kula kwa makosa ya watu angeweza kummaliza pale pale. Akamkazia macho Sawasawa. "Hata mimi ungenikatalia?"

"Ndiyo, mzee. Kwa heshima zote."

Mwenyekiti akafumbua mikono yake. "Washeni," akasema. Kinu kikawashwa bila tatizo lolote, na bodi ikamthibitisha wifi yangu siku hiyo hiyo ya kuwasha.

Suti nilikuwa nimeifumua na kuishona upya kwa hafla ya kuapishwa. Alisimama mbele ya kioo, akajigeuza huku na huku, akavuta tumbo ndani.

"Punguza kiuno kidogo, wifi. Kidogo tu."

"Hapana, mkurugenzi."

Akanikumbatia nikiwa bado na pini mdomoni.