Tulivyomsindikiza Profesa

Nilipokuwa nasoma kozi ya bure ya mtandaoni kuhusu milima ya barafu, inayotolewa na chuo kikuu kimoja cha Ulaya, mama yangu alitoka Runzewe kuja kunitembelea Kalangalala. Barafu nilikuwa naijua ya kwenye friji tu, lakini kozi haikuwa na ada, nami sikuwa na kazi.

Alimkuta profesa akifundisha kwenye simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya chai. Alipoona mvi zake akamwamkia, "Shikamoo." Profesa akaendelea na barafu yake. Mama akajaribu Kisukuma, "Mwadila." Kwa bahati tu, profesa akainamisha kichwa.

"Huyu amelelewa," mama akasema, akavuta kigoda akaketi.

Tangu hapo sikuweza kusimamisha somo hata nikitaka kwenda chooni. "Unamkatiza mtu mzima?" aliniuliza. Wakati wa chakula alimtengea profesa ugali wake, nami nililazimika kuula baadaye ili asione mgeni wetu hakugusa kitu.

Somo la mwisho lilipokwisha, profesa akaaga. Mama akajifunga khanga na kuniambia tumsindikize. Nikabeba simu mpaka kijiwe cha bodaboda, mama akimsimulia njia nzima habari za shamba lake la pamba.

Dereva mmoja akauliza nani anasafiri.

"Ni huyu mgeni, anarudi Ulaya," mama akamwambia. "Usimwendeshe kasi."

Dereva akaitikia, akawasha pikipiki, akaondoka peke yake polepole.