Feruzi wa Kete Nyeupe

Nakumbuka siku moja, nikiwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, nilipofika fainali ya sataranji ya mitaa ya Eastlands katika ukumbi wa Kaloleni. Nilikuwa kijana mwembamba mwenye kichwa kikubwa, nacho kimejaa maneno ya vitabuni ambayo sikuwa nimeyapatia kazi. Mke wangu anasema hali hiyo haijabadilika sana.

Mimi ni Rashidi. Baba yangu aliitwa Feruzi, fundi wa vitanda kule sokoni Gikomba. Kwetu, mwanangu, jina la pili si la ukoo. Ni la baba mzazi, na kila mtu huitwa kwa lake mwenyewe. Lakini mwalimu aliyeshika kipaza sauti alitangaza kwa Kiingereza, na Kiingereza cha sataranji humwita mchezaji kwa jina lake la mwisho. Basi asubuhi nzima nikawa Feruzi. Feruzi kasogeza askari. Feruzi kala farasi.

Baba alikuja kutazama na mafundi wenzake wawili, vumbi la mbao lingali kichwani. Sataranji hakuijua hata chembe. Jina lake alilijua.

"Fundi, umekula farasi mzima!" mmoja aliyejua Kiingereza kidogo alimpigia kelele, akimpa mkono.

"Na bado," Baba akajibu. "Ngojeni nifike kwa malkia."

"Mama Rashidi ana habari za huyo malkia?"

Ukumbi ukacheka. Masikio yangu yakawaka moto. Jasho langu, sifa zake! Kabla ya fainali nilimwendea mwalimu nikamwomba aniite Rashidi. "Mimi ni mtu kamili," nilimwambia. Nilikuwa nimeyasoma mahali maneno hayo.

Bi Mwanaidi, jirani yetu aliyenifundisha Kurani, alikuwa nyuma yangu akingoja chai. Alisikia yote.

"Wewe Rashidi, jina lako alikupa nani?"

"Baba."

"Alikudai kitu?"

Nikatikisa kichwa.

"Lako alikupa. Lake kakuazima, uende nalo mbele za watu. Leo umeliona zito?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, ila miguu ilichelewa kutii. Nikaenda kuketi mezani, kete nyeupe mbele yangu, na kipaza sauti kikaanza: Rashidi kafanya hivi, Rashidi kafanya vile. Nikangoja furaha ije. Badala yake nikamsikia Baba akimuuliza mwenzake, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Feruzi yuko wapi? Wamemtoa?"

Baba akatazama huku na huku, kisha akaanza kutafuta kofia yake, kama mtu aliyekuja arusini akaambiwa si hapa.

Katika mashindano, mwanangu, kila mchezaji ana saa yake, na saa hiyo haimhurumii aliyeinuka. Zamu ilikuwa yangu, dakika zimebaki chache, na mchezo nilikuwa nimeushika. Niliinuka. Nilikata ukumbi hadi kwa mwalimu, nikamwambia anirudishie Feruzi. Akataka maelezo, walimu hutaka maelezo. Niliporudi mezani nilicheza kama anayekimbizwa na nyuki, lakini muda ukaniishia nikiwa nimebakiza kidogo tu kumfunga mpinzani wangu, kijana wa mtaa wa Baba Dogo.

Mwalimu akatangaza kwamba Feruzi ameshindwa kwa saa. Bi Mwanaidi akatafsiri.

Baba akasimama. "Mfalme wake kakamatwa?"

"Hapana, mzee," alijibu kijana wa Baba Dogo mwenyewe. "Alikuwa ananimaliza."

"Basi!" Baba akaketi kama mtu aliyekabidhiwa kombe. Na tangu siku hiyo, kila aliyekwenda Gikomba kununua kitanda alielezwa kwamba mfalme wa Feruzi hajawahi kukamatwa. Baadhi yao walinunua.

Kombe liko Baba Dogo na huko likae salama. Nimeandika makala nyingi na jina langu limechapishwa juu yake. Hakuna hata moja iliyonipa kiburi kama kushindwa kule.

Mwanangu, ukienda mbali watakuita kwa jina lisilo lako. Usikimbilie kudhani umeibiwa. Wapo wazazi ambao majina yao ni mwiba, na aliyechomwa ana haki ya kuchagua aitweje, mheshimu. Lakini kama aliyekupa jina alikubeba pia, lisikie likitajwa na uinue kichwa. Mwacha asili ni mtumwa, hata akiwa na shahada mbili kama mimi. Na wewe ukimwita mwenzako, muulize kwanza kwao wanamwitaje.

Mungu akupe akili ya kushinda na moyo wa kujua kipi kinafaa kupotezwa. Na akujalie uishi kwa namna ambayo siku mtoto wako atakapoitwa kwa jina lako ugenini, ataitika kwa sauti. Amina.